Mdogo wangu walimvunja mkono usiku mmoja, mamangu wanamrudia kila wiki

KakaMkubwa

Assalaam aleikum wenzangu, na wasio Waislamu habari zenu. Nimesoma humu miaka mingi bila kufungua uzi hata mmoja. Leo nafungua kwa sababu ni saa nane ya usiku na usingizi hauji. Mamangu yuko chumba cha pili na najua naye hajalala, nasikia tasbihi.

Mtaa sitautaja. Jueni tu ni ng'ambo ya daraja la Nyali, Mombasa. Stesheni pia sitaitaja, maana shauri liko mikononi mwa wachunguzi na sitaki mtu aje aseme nimeliharibu.

Mdogo wangu ana miaka 17, bado yuko skuli. Mwezi uliopita, wakati wa likizo, alikuwa maskani na wenzake watano baada ya isha. Maskani yenyewe ni benchi ya simenti mbele ya duka la vipuri, hukaa pale wakicheza drafti na kubishana juu ya mpira. Ikaja Land Cruiser imezima taa. Wakashuka askari wawili wenye sare na watatu askari kanzu. Hakuna aliyejitambulisha. "Laleni chini! Vitambulisho!" Mdogo wangu akasema hana, hajafika umri. Hilo ndilo lililomponza, akaambiwa ana mdomo. Rungu la kwanza lilitua begani. La pili alilikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa ukaalika, wenzake waliolala chini wakasikia.

Wakapakiwa wote sita. Walipigwa garini, wakapigwa tena wakishushwa. Mimi nilifika stesheni saa tano. Askari wa kaunta akaniambia hakuna mtu wa jina hilo humu, na huku namsikia mdogo wangu akiniita nyuma ya ukuta. Alfajiri wakatolewa mmoja mmoja, kila mzazi kwa alichoweza. Sisi tulitoa shilingi 3,000, pesa zilizokuwa hesabu ya tajiri wa tuktuk. Hakuna shtaka, hakuna karatasi, hakuna hata mstari kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni. Tuliporudi kuomba fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, tukaambiwa tuseme alipigwa na watu wasiojulikana, la sivyo fomu zimekwisha.

Usiku ule nilidhani ndio ubaya wote. Mkono ukapigwa picha, ukatiwa plasta. Tukapeleka malalamiko IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Siku ya nne watu wawili wakaja kibandani kwa mama. Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya karai jioni. Wakaketi, wakala, wakaisifu nazi. Kisha mmoja akatoa noti ya shilingi 1,000, na mama alipoanza kutafuta chenji akamwambia, "Weka tu, mama. Mnunulie kijana dawa. Sisi twajua anapopita akienda skuli." Wakaondoka. Hawakupandisha sauti hata kidogo.

Noti ile mama hakuitumia. Ameitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Huniuliza, nikiila nitakuwa nimekula nini? Nikiirudisha, nairudisha kwa nani? Na wale watu walirudi wiki iliyofuata, na wiki hii pia. Hawatukani, hawashiki mtu. Wanakula mahamri tu.

Wenye uzoefu nisaidieni. Tisho lisilokuwa na neno hata moja la tisho, mtu huliripoti vipi?

BintiKongowea

Pole kwa mama, na mgonjwa apone. Lakini wacha niseme ambalo wengi humu hawatalisema. Mimi nilikatwa panga. Haikuwa usiku wa manane, ilikuwa saa kumi na mbili unusu ya jioni, natoka sokoni. Walikuwa zaidi ya kumi, mkubwa wao sidhani alikuwa amefika miaka 20. Nina mshono toka kiwiko hadi karibu na kiganja. Tulipiga simu stesheni, hakuna aliyekuja. Wiki mbili baadaye Land Cruiser ndipo ikapita, ikabeba vijana wa maskani yetu. Nilifurahi, sikufichi kaka. Mtu akiniambia watoto walikuwa wakicheza drafti tu, mimi huuliza, na wale walionikata huwa wanakaa wapi mchana?

KakaMkubwa

Dada yangu, pole sana. Sina neno la kulipinga kovu lako. Mtaa wetu nao ulipitiwa na kundi kama hilo, na jirani yetu muuza samaki mpaka leo hakunji vidole viwili. Sisi tunawaogopa wale wa panga kuliko mtu anayesoma habari zao gazetini.

Ila nikuulize kwa heshima. Waliobebwa maskani kwenu, uliitwa kutambua hata mmoja? Mdogo wangu na wenzake hawakuulizwa swali lolote kuhusu panga. Hawakuulizwa walikuwa wapi siku fulani, hawakuchukuliwa alama za vidole. Waliulizwa baba zao wanafanya kazi gani na nyumbani kuna simu ya nani. Wanaokata watu hawakai mbele ya duka lenye taa wakisubiri gari. Kwa hiyo aliyekukata wewe bado anatembea, na mdogo wangu hawezi kushika kalamu maana anaandika kwa kushoto.

BintiKongowea

Sikuitwa. Hata mara moja.

MzeeWaMjiWaKale

Wanangu, hili la kumwendea mama si geni hapa kwetu. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, na vijana zaidi ya 100 wakakamatwa siku moja. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Kijana mmoja alionekana kwenye picha za magazeti akiwa mikononi mwa polisi, na baada ya hapo hakuonekana tena. Picha ipo, mtu hayupo. Familia yake ilikwenda mpaka kortini.

Waliokuwa wakiwashika mkono wazazi wale, wakiwaandikia malalamiko na kuwasindikiza kortini, walikuwa watu wa MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Pwani. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika hayo mawili yakatiwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi na akaunti zao za benki zikafungwa. Walishindana kortini hapa hapa Mombasa mpaka Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe kabla mwaka haujaisha. Lakini miezi yote ile, mzazi aliyekuwa na shida alikuwa akijiuliza, ikiwa wenye mawakili wamefanywa hivi, mimi muuza kachiri nitafanywaje? Wengi walinyamaza wakati huo na hawakurudi tena kusema. Nawajua kwa nyuso, tunaswali safu moja.

Haki Africa walikaa wakahesabu. Mwisho wa 2016 walitoa orodha ya Pwani tangu 2012, watu 81 waliouawa au kupotezwa. Hiyo ni ya wale ambao jamaa zao walithubutu kusema.

Mwambie mama asikae peke yake pale kibandani. Hilo kwanza, kabla ya karatasi.

MvukaFeri

Naongeza dogo tu. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, Mombasa nzima iliona video za watu wakipigwa marungu na kurushiwa vitoza machozi kwenye foleni ya feri Likoni, saa ya kafyu yenyewe bado haijafika. Siku zile zile mwendesha boda mmoja alimkimbiza mama mjamzito hospitali, akapigwa njiani akirudi, akafa. Ndugu zake waliongea wazi, majirani wakaongea, ikasikika mpaka nje ya nchi. Sikumbuki kilio kingine cha kwetu kilichosikilizwa haraka vile, na naamini ni kwa sababu walisema wengi siku moja.

MsaidiziWaSheria

Kaka, nimefanya kazi ya usaidizi wa sheria mitaani miaka kadhaa, mimi si wakili. Nitakuambia ninayoyajua kwa mkono.

Tisho lisilo na neno liandike kama lilivyo. Chukua daftari la skuli la mdogo wako. Tarehe, saa waliyofika, walivaa nini, walikula nini, walikaa dakika ngapi, walisema nini neno kwa neno, namba ya gari au pikipiki kama ipo, na nani mwingine alikuwa anakula wakati huo. Mama asimulie, wewe uandike, mama atie sahihi au dole gumba chini yake siku hiyo hiyo. Ziara moja haionekani kitu. Ziara tatu zenye tarehe, zote baada ya malalamiko kupokelewa, ni jambo jingine kabisa mbele ya mpelelezi. Mpigie aliyechukua maelezo yenu leo hii na umwambie mlalamishi anafuatwa. Usingoje wakuite.

Ile noti usiishike tena. Itie kwenye bahasha, andika juu siku iliyopokewa na nani alikuwepo, mkaipeleke.

Kuhusu mdogo wako, umri wake ni jambo zito kuliko mnavyodhani. Miaka 17 ni mtoto kwa mujibu wa Katiba, na kifungu cha 53 kinasema mtoto asifungiwe pamoja na watu wazima. Je, seli ile alikuwa na nani? Mwulize taratibu, mwandike. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo na kwa lugha anayoielewa, na apelekwe kortini ndani ya saa 24. Jedwali la Sita la Sheria ya Polisi ya 2011 linamtaka askari aliyemjeruhi mtu ampatie matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Wewe jamaa mwenyewe ulikuwa umesimama kaunta ukaambiwa hayupo. Jedwali hilo hilo linasema amri ya mkubwa si kisingizio, na askari mwenye sare avae jina au namba yake ionekane.

P3 ndiyo inayoniumiza roho kila mara. Mtu kapigwa na polisi, kisha fomu ya kuthibitisha kipigo lazima aifuate kwa polisi. Msikubali kuandika "watu wasiojulikana", maana sentensi hiyo ikiingia inakwenda nanyi mpaka mwisho. Fomu yenyewe haiuzwi. Mweleze mpelelezi kwamba mlinyimwa na mlinyimwa siku gani. Wakati huo huo, karatasi zote za hospitali na ile picha ya mfupa zipigeni kopi tatu, moja isikae nyumbani kwenu.

Na mjue mpaka wa IPOA ili msije mkavunjika moyo. Wao huchunguza, hawashtaki. Faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua. Inachukua muda, na muda huo ndio wale wala mahamri wanaoutegemea.

KakaMkubwa

Shukrani, dada. Daftari nimeanza usiku huu.

Nilipomsomea mama uliyoyaandika, alisikiliza yote. Kisha akaniuliza, "Yule wakili waliyemtoa mtoni na yule mwanaboda, si nao walikwenda huko huko IPOA?" Alisikia redioni zamani na hajasahau. Sikuwa na jibu.

Kuna jingine. Jana alikuja mzee wa mtaa na watu wawili wa heshima, wakakaa barazani kwetu. Wanasema wametumwa kutafuta suluhu. Elfu 20, gharama za hospitali zilipwe, na sisi tukaandike kuwa tumesamehe. Mzee huyu alimbeba mdogo wangu akiwa mchanga. Alikuwa akiongea na macho yako kwenye mkeka, hakunitazama hata mara moja. Nadhani naye ameendewa.

MsaidiziWaSheria

Mama amesema kweli na haifai kumdanganya. Willie Kimani alikuwa wakili wa kijana wa boda, Josephat Mwenda, aliyepigwa risasi ya mkono na askari mwaka 2015 kisha akafunguliwa mashtaka yeye. Mwenda akalalamika IPOA. Juni 23, 2016, wakitoka korti ya Mavoko, walitekwa pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, na miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Waliuawa kwa sababu ya malalamiko yale. Hukumu ilikuja baada ya miaka sita: Julai 2022 askari watatu na raia mmoja walipatikana na hatia, na Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo, wengine miaka mingi jela.

Mwambie na hili la karibu. Agosti 2014 binti wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba yao Kinango, polisi wakimtafuta mjombake. Hadithi ya kwanza ilikuwa kwamba aliwavamia kwa panga. Familia ile ni watu wa kijijini kabisa, hawakuwa na mkubwa wa kumpigia simu. Februari 2016, Mahakama Kuu hapa Mombasa, maafisa wawili walifungwa miaka saba kila mmoja. Ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kwa uchunguzi wa IPOA.

Ulinzi wa mashahidi upo kisheria tangu 2006, kuna shirika lake, na mnaweza kuomba. Lakini mjue maana yake huenda ikawa kuhama, kuacha kibanda, kuacha skuli, kuacha jamaa. Mama mmoja niliyemsindikiza alikataa kwa sababu alikuwa anamwuguza mamake. Sikumlaumu.

Suluhu mnaamua wenyewe, siwezi kuwaamulia wenye njaa. Ila kosa la jinai halimalizwi mkekani, na karatasi ya "tumesamehe" ndiyo ya kwanza itakayotolewa kortini.

MtotoWaLaini

Mimi nimezaliwa laini za polisi, yaani nyumba za askari, babangu amestaafu na cheo cha sajini. Nimesoma uzi huu mara mbili nikiona haya. Nataka tu kusema kwamba ndani mle wako wasiopenda haya, na wao pia huogopa. Babangu aliwahi kukataa kumwandikia kijana shtaka la bangi ambayo hakuiona. Mwezi uliofuata alihamishwa, tukabadilisha skuli katikati ya muhula. Askari akikupa namba ya OB kwa kunong'ona, ipokee na usimtaje.

KakaMkubwa

Siku kumi zimepita, nimerudi na habari.

Elfu 20 tumezikataa. Mama ndiye aliyezikataa, mimi nilikuwa naelekea kukubali, nakiri. Alimwambia mzee, "Ningekuwa nauza mkono wa mwanangu ningeuuza mapema, ukiwa mzima." Mzee akaondoka bila kumaliza kahawa.

Mama ametoa maelezo yake na noti wameichukua pamoja na bahasha. Alisindikizwa na wanawake wanne wa chama chake, mmoja wao ndiye mke wa yule jirani muuza samaki asiyekunja vidole. Na lile la Mzee wa Mji wa Kale tumelifanya. Kila alfajiri wanawake wa chama hukaa kibandani kwa zamu, mabuibui yamejaa benchi zote. BintiKongowea, ulikuja Jumamosi, mama amekupenda.

Juzi wale wawili walikuja. Hawakupata pa kuketi. Wakaagiza wakiwa wamesimama, na wanawake wote wakanyamaza wakawatazama mpaka mtu akasikia mafuta yanavyochemka. Mmoja alitoa noti ya 200. Mama akamhesabia chenji, sarafu moja moja, na safari hii akaipokea.

Lakini sijaja kufurahi. Mmoja wa wale sita, ana miaka 19, ndiye shahidi aliyeona rungu la pili. Alikamatwa Ijumaa usiku karibu na kwao. Wanasema amekutwa na misokoto mitatu ya bangi. Mvulana huyu ana pumu, hata moshi wa jikoni humkimbiza nje. Wengine wawili wametuambia hawataki tena kutajwa, na mmoja keshapelekwa kwa bibi yake Lungalunga. Amebaki huyu aliye ndani, na mdogo wangu.

Atasimamishwa kortini Jumanne asubuhi. Familia yake haina wakili na dhamana hawajui watatoa wapi. Kama yuko wakili humu, au mtu anayemjua wakili atakayesimama naye siku hiyo moja tu, tafadhali.

MsaidiziWaSheria

Yupo. Niandikie faraghani jina lake na namba ya kesi, usiweke hapa. Na mamake aje na dawa ya pumu, nitamngoja langoni saa mbili kasorobo.